Kuipenda Shule Ni Nini?

Mwaka wa sekondari nchini Tanzania huanza Januari. Katikati ya mwaka vijana huzishangilia shule zao katika michezo ya UMISSETA. Novemba kidato cha nne hufanya mtihani wa taifa. Twausifu moyo huo wa kuipenda shule. Lakini twauliza: je, upendo huo wamlazimu kijana kunyamaza aonapo maovu?

Wako wadhanio hivyo. Mgeni wa kidato cha kwanza apigwapo bwenini, hunyamaza, ati jina la shule lisichafuke. Majibu ya mtihani yapitishwapo kwa siri, hunyamaza tena, ati wasiitwe wasaliti. Hao waipenda sifa ya shule kuliko watoto waliomo. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Baraza la Mitihani, lililoundwa mwaka 1973, laweza kufuta matokeo ya wadanganyifu. Haliwezi kufuta hofu ya mtoto aliyeumizwa huku wenziwe wakigeuza nyuso.

Basi, enyi wazazi, mtoto arudipo likizoni msimwulize alama tu. Mwulizeni pia: wageni walipokewaje, na nani aliwatetea?