Je, Figo Hudaiwa?

Siku tulipofunga ndoa kila mmoja wetu aliahidi mbele ya Padre kwamba hatamwacha mwenzake akiugua. Ugonjwa tuliouwaza siku ile ulikuwa homa, au pengine mguu kuvunjika. Figo hatukuziwaza kabisa.

Sisi ni walimu wastaafu, nasi twakaa Mbagala, wilaya ya Temeke. Mama wa nyumba hii aliishi na presha miaka mingi. Mwaka 2019 miguu ilianza kumvimba, chakula kikamchukiza, na madaktari wakatuambia kuwa figo zote mbili zimeshindwa kazi. Tangu hapo ikawa ni mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa juma, na kila mara muda wa saa nne. Tulitoka nyumbani kungali giza. Maji ya kunywa yalipimwa kwa kikombe. Chumvi ikaondoka jikoni, na aandikaye haya akajifunza uzeeni kupika samaki asiye na chumvi na kumla bila kukunja uso. Majirani wema walituletea madafu, maana mitaani husemwa kwamba dafu husafisha figo. Kumbe kwa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi dafu ni hatari, kwa kuwa lina potasiamu nyingi ambayo mwili wake hauwezi kuitoa, nayo ikizidi yaweza kuusimamisha moyo. Tuliyapokea kwa shukrani, tukawapa wajukuu.

Hayo yote ni mazito, lakini yamo ndani ya ahadi ile, wala hatuoni kama yanahitaji mjadala. Mjadala ulikuja baadaye.

Zamani Mtanzania aliyehitaji kupandikizwa figo alipelekwa nje, mara nyingi India. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza, madaktari wetu wakisaidiana na wenzao kutoka India. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma nayo ikaanza, kwa msaada wa Wajapani. Safari imekuwa fupi, twashukuru. Lakini figo yenyewe haiuzwi dukani. Hutoka katika mwili wa mtu aliye hai, na kwa kawaida mtu huyo ni ndugu. Sisi wawili makundi yetu ya damu hayakupatana, basi ikatupasa kuwaendea ndugu zake.

Hapa ndipo tulipokosa. Tulimwendea shemeji yetu, mdogo wake mama, mtu mwenye afya njema. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema hawezi. Ana watoto wadogo, na kazi yake ni ya kubeba vitu vizito. Tulikasirika. Tukamkumbusha ada ya sekondari tuliyomlipia miaka minne kwa mishahara yetu ya ualimu. Aliinama, akavaa viatu, akaenda zake.

Tulipofika nyumbani tulimweleza mgonjwa, tukidhani atatuunga mkono. Akasema, "Mwalimu, ada ile tulilipa ili asome. Hatukuwa tunamnunua." Usiku ule hatukuzungumza tena.

Tumelifikiri jambo hili sana tangu siku hiyo. Wako wasemao kwamba ndugu ni ndugu, na mwenye figo mbili akimnyima asiye na hata moja ni mchoyo. Maneno hayo yana nguvu, maana mtu mwenye afya huweza kuishi vema na figo moja. Lakini kisu ni kisu, na atakayelala juu ya meza ile hana ugonjwa wowote. Anakatwa kwa ajili ya mwingine. Deni hulipwa hata kwa kununa. Kipawa cha namna hii hakiwezi kutolewa kwa kununa, kwa sababu aliyelazimishwa hakutoa, amenyang'anywa.

Upandikizaji wa figo wa kwanza uliofaulu na mgonjwa akaishi ulifanyika huko Boston, Marekani, Desemba 1954, na daktari Joseph Murray. Ronald Herrick alimpa figo Richard, ndugu yake pacha. Yasimuliwa kwamba usiku wa kuamkia upasuaji mgonjwa alimwandikia nduguye kijikaratasi, akimwambia atoke humo arudi nyumbani. Ronald akajibu kwamba yupo na atabaki. Richard aliongezewa miaka minane, akamwoa muuguzi aliyemtunza. Ronald alikuja kuwa mwalimu wa hesabu (twafurahi kumhesabu miongoni mwetu), akafariki mwaka 2010 akiwa na miaka 79. Sisi twakitazama zaidi kile kijikaratasi. Aliyekuwa akifa ndiye aliyemfungulia mlango mwenziwe. Sisi tulimfungia wetu kwa kufuli la ada.

Mzee mmoja wa kanisa alituambia kwamba hata kuomba ni kosa. Hatukubaliani naye. Kutokuomba ni kuwajibia watu kabla hawajaulizwa, na kumwacha mke afe kwa sababu ya haya. Yafaa kuomba, tena waziwazi, ila aulizwaye awe na hakika kwamba akisema hapana bado atakula mezani petu Krismasi. Hilo ndilo tulilokuwa na wajibu wa kumlindia shemeji, na kumlinda mama asiwe mtu anayeogopwa na ndugu zake.

Aliyetoa ni dada yake mdogo, ambaye hatukuwa tumemwomba. Madaktari walimhoji peke yake, sisi tukikaa nje kwenye benchi, na mara hii hatukutamani kusikia. Upasuaji ulifanyika mwaka 2022, hapa hapa Dar es Salaam. Mama hunywa dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, bila kukosa, ili mwili usiikatae figo ile, na ataendelea hivyo muda wote figo itakapokuwa ikifanya kazi.

Shemeji tulimfuata Kinondoni anakokaa, tukamwomba radhi. Alitupa chai. Alisema amesamehe, nasi twamwamini, lakini tangu hapo amekuja Mbagala mara mbili tu, na mara zote mbili alikaa karibu na mlango.