Bustani ya Watu Wote

Twaulizwa na baadhi ya ndugu zetu: kuwatengenezea wasioweza kutembea njia ya kuingilia bustani ya mji, je, ni hisani tunayowafanyia, au ni haki yao? Wengine waongeza kuwa vyombo vya mazoezi vinavyotiwa bustanini siku hizi ni mchezo tu, na mali ya umma haifai kupotezwa mchezoni.

Hili la pili halitupi shida. Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, na alitufundisha kuwa muumini mwenye nguvu ni bora kuliko dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Wagonjwa wa sukari na wa shinikizo la damu ni wengi kwetu, na tabibu huwaamuru waitumikishe miili yao. Twaomba tu vyombo hivyo visiwe vya chuma kitupu, maana upepo wa bahari hukila kwa kutu. Na vingine viwe vya kutumiwa na aliyekaa kitini, kama pedali za kuzungushwa kwa mikono.

Hilo la kwanza ndilo zito. Hisani mtu huitoa akipenda. Haki ikizuiwa ni dhulma. Mzee aliye katika kiti cha magurudumu hulipa kodi anunuapo sabuni dukani, sawasawa na wajukuu zake. Akifika langoni akakuta vidato vitatu, akabaki nje, huyo amenyang'anywa fungu lake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote kwa njia iliyo muwafaka. Na kazi yenyewe si kubwa: mafundi huhesabu futi 12 za mteremko kwa kila futi moja ya kimo, basi vidato vitatu vya inchi sita vyataka futi 18.

Lakini kabla ya kuilaumu serikali ya kaunti, na tuzitazame ngazi za misikiti yetu. Ibn Ummi Maktum, Mungu amuwie radhi, alikuwa kipofu asiye na wa kumuongoza. Aliomba ruhusa asali nyumbani, na alipokiri kuwa asikia adhana, aliambiwa aitikie. Wanavyuoni huitumia habari hii kuhimiza sala ya jamaa, nao wamesema kweli. Sisi twaona ina upande mwingine usiotajwa sana: ikiwa asiyeona naye aitwa, ni nani atakayemsafishia njia? Kuondoa udhia njiani ni katika imani. Nasi tumeujenga udhia kwa mawe na chokaa.

Ijumaa iliyopita, msikitini tunaposali sisi, kijana mmoja alipandishwa ngazi na watu wanne pamoja na kiti chake. Waliombeba walifurahia thawabu zao. Yeye alikuwa akitazama chini. Barazani tulilizungumza jambo hili mpaka isha, na mmoja wetu, ambaye ni fundi, atakuja kuzipima ngazi hizo Jumapili baada ya alasiri. Mwenye saruji, mchanga au wakati, na amuone imamu.