JE, KUKUBALI KUPASULIWA NI KUKOSA IMANI?



Kila mwaka tarehe 18 Oktoba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Luka, Mwinjilisti na tabibu. Safari hii nimeona vema nitumie nafasi hii kujibu swali nililoletewa nyumbani usiku mmoja na ukoo mzima, nami usiku ule sikulijibu kama ilivyonipasa.

Mkristo mmoja wa mtaa wetu, mwalimu mstaafu, alianza kuumwa kichwa. Kilimwuma zaidi alfajiri, na mara nyingine alitapika kabla hajala kitu. Baadaye tabia yake ikabadilika. Mtu mpole, aliyefundisha watoto wetu miaka mingi bila kupaza sauti, akawa mkali nyumbani, akawatukana wajukuu, akasahau mambo ya jana yake. Majirani wakanong'ona kwamba amechezewa. Mwishowe akaanguka kifafa, yeye ambaye tangu utoto hakuwahi kuanguka. Alipofikishwa katika hospitali kubwa, picha ilionyesha uvimbe ndani ya kichwa, upande wa mbele. Madaktari wakasema yafaa uondolewe.

Ukoo ukagawanyika. Kaka yake akasema, "Kichwa cha mtu hakifunuliwi kama chungu. Mungu akitaka kumponya atamponya. Tukikubali apasuliwe tumeonyesha kwamba hatuamini." Dada yake akajibu, "Tusipokubali tutakuwa tumemwua sisi, kisha tutamsingizia Mungu." Wakaja kwangu niamue ni nani kati yao mwenye imani.

Ndugu msomaji, swali hili laweza kubisha hodi mlangoni kwako pia. Basi tulitazame taratibu.

Uvimbe huu ni kitu gani?

Fuvu la kichwa ni sanduku la mfupa. Ndani yake mna ubongo, damu, na maji yanayouzunguka ubongo, wala hakuna nafasi ya ziada. Tumbo likivimba, ngozi hutanuka. Kichwa cha mtu mzima hakitanuki. Kwa hiyo kitu kidogo kikiota humo, hata kikiwa si kibaya kwa asili yake, hukandamiza vilivyomo. Ndiyo sababu maumivu yaweza kuzidi alfajiri, baada ya mtu kulala chali usiku kucha, na kutapika kuwepo ingawa tumbo halina kosa.

Tena kila sehemu ya ubongo ina kazi yake. Uvimbe ukikaa nyuma, mtu hupepesuka kama mlevi. Ukikaa upande wa kushoto, mara nyingi maneno humpotea au mkono wa kuume hulegea. Ukikaa mbele, tabia yaweza kugeuka. Basi ule ukali wa mwalimu wetu haukuwa dhambi mpya wala pepo. Mahali pale ambapo mtu hutumia kujizuia palikuwa pamekandamizwa. Ni vema tukumbuke jambo hili kabla hatujamhukumu mtu aliyebadilika ghafula uzeeni.

Uvimbe wenyewe ni wa namna nyingi. Uko uotao katika utando unaofunika ubongo, nao huitwa meninjioma. Jina hilo ulipewa mwaka 1922 na Harvey Cushing, mpasuaji wa Marekani. Mara nyingi huo si saratani, nao hukua polepole, pengine kwa miaka mingi. Uko uotao ndani ya ubongo wenyewe, uitwao glioma, na baadhi ya huo ni mkali mno. Uko pia uliotoka mahali pengine, kama pafu au titi, ukasafiri kwa njia ya damu. Na viko vitu vinavyofanana na uvimbe huu katika picha lakini sivyo, kwa mfano donge la kifua kikuu ndani ya ubongo, ambalo kwa kawaida hutibiwa kwa dawa.

Tusitishane, lakini. Watu wengi sana wanaoumwa kichwa hawana uvimbe wowote. Wana malaria, au shinikizo la damu, au macho mabovu, au uchovu na mashaka. Lakini maumivu mapya yanayozidi wiki hata wiki, yanayoamsha mtu alfajiri, yakiandamana na kutapika, au macho kufifia, au upande mmoja wa mwili kulegea, au kifafa cha kwanza ukubwani, hayo si ya kungojea. Mpelekeni hospitali.

Kisu kina wakati wake

Wengi hudhani kwamba kila uvimbe ukionekana lazima mtu apasuliwe. Sivyo. Daktari hufikiri kwanza kisu kitaleta faida gani. Hufaa pale uvimbe unapokandamiza ubongo na unaweza kutolewa bila kuharibu mengi. Hufaa pale maji ya ubongo yamezibwa njia, kwa maana hapo kuchelewa ni hatari kubwa. Hufaa pia kwa kutoa kipande kidogo tu kikapimwe, maana bila kujua jina la adui hawezi kuchagua silaha. Na hata pale uvimbe hauwezi kutolewa wote, kupunguzwa kwake kwaweza kumpa mgonjwa nafuu, na kuipa mionzi na dawa nafasi ya kufanya kazi.

Lakini meninjioma ndogo, iliyoonekana kwa bahati tu kwa mzee asiye na dalili, mara nyingi huachwa na kuangaliwa kwa picha baada ya muda. Uvimbe wa tezi iliyo chini ya ubongo, wa namna ile inayotoa homoni ya maziwa, kwa kawaida huanza kutibiwa kwa vidonge. Na uvimbe uliojichimbia katika shina la ubongo, mahali panapoongoza pumzi, pengine hauguswi kabisa. Mpasuaji mwema ni yule ajuaye pia kuweka kisu chini.

Maarifa haya hayakupatikana kwa urahisi. Mwaka 1879, huko Glasgow, William Macewen alimwondolea binti mmoja uvimbe wa utando wa ubongo, naye akaishi miaka 8 zaidi. Mwaka 1884, huko London, Rickman Godlee alifungua kichwa cha kijana mmoja. Uvimbe ukakutwa pale pale tabibu mwenzake alipopabashiri kwa kuangalia dalili tu, lakini kidonda kikaingia uchafu, na kijana akafa baada ya majuma kama manne. Wapasuaji wa siku zile walikuwa kama watu wanaotafuta sindano gizani. Mwaka 1971, katika hospitali moja ya London, mashine ya Godfrey Hounsfield ilipiga kwa mara ya kwanza picha ya CT ya ubongo wa mgonjwa aliye hai. Mwaka 1979 yeye na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, walipewa Tuzo ya Nobel. Leo kuna picha za namna hiyo na wapasuaji wa ubongo hapa kwetu pia, kama katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Imani na hofu

Sasa turudi kwa ule ukoo. Yule kaka alinitajia habari za Mfalme Asa, ambaye Kitabu cha pili cha Nyakati chamlaumu kwa kuwaendea waganga alipougua miguu. Lakini tusome vizuri. Lawama ya Asa ni kwamba hakumtafuta Bwana. Aliwafanya waganga kuwa badala ya Mungu. Linganisheni na Mfalme Hezekia. Yeye aliugua karibu na kufa, akaomba kwa machozi, na Mungu akamsikia. Kisha nabii Isaya, baada ya kuleta ahadi ya Mungu, akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikwisha kutolewa, na hata hivyo dawa ikapakwa. Nabii hakuona kwamba dawa inaipunguzia ahadi heshima yake.

Kanisa letu nalo limeijua njia hii tangu zamani. Daktari Leader Stirling alikuja mwaka 1935 na Misheni ya Vyuo Vikuu kufanya kazi katika Dayosisi ya Masasi, akawapasua wagonjwa wengi, na baadaye, kuanzia 1975 hata 1980, alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Je, tuseme kwamba wale waliomleta hawakuamini maombi? La hasha. Walijenga kanisa na hospitali, wala hawakuona ugomvi kati ya nyumba hizo mbili.

Basi nionavyo mimi, yule kaka hakuwa na imani kubwa kuliko dada yake. Alikuwa na hofu. Hofu si dhambi, na nani asingeogopa? Kosa lake lilikuwa kuiita hofu yake imani, maana mtu akifanya hivyo hawezi tena kufarijiwa. Hofu tungeweza kuizungumza naye na kuiombea. Lakini iliyovaa joho la imani hairuhusu kuguswa.

Je, dada alikuwa sahihi kabisa? Hapana. Alisema kwamba kukataa kisu ni kuua, kana kwamba kisu hakina gharama yake. Na hapa nataka kuwasimulia habari ya Wilder Penfield, mpasuaji mashuhuri wa Montreal. Mwaka 1928 dada yake Ruth alionekana kuwa na uvimbe mkubwa ubongoni, nao ulikuwa saratani. Penfield akampasua yeye mwenyewe, akatoa sehemu kubwa ya mbele ya ubongo, upande wa kuume. Hakuweza kuumaliza wote. Ruth akarudi nyumbani, akaongea na watu, akawatunza watoto wake. Miezi kama 15 baadaye alitaka kumpikia kaka yake chakula cha jioni pamoja na watu wachache wa nyumbani, kazi ambayo zamani aliifanya bila kufikiri. Saa ilipofika, walimkuta jikoni amefadhaika. Vyakula vyote vilikuwapo, lakini hakujua kipi kitangulie kipi, na nyama haikuwekwa motoni. Kabla ya miaka mitatu kwisha tangu kupasuliwa, uvimbe ulirudi akafa.

Je, Penfield alikosea? Sithubutu kusema hivyo. Alimpa dada yake miaka ambayo watoto walikaa na mama yao. Lakini yeye mwenyewe aliandika habari ile jikoni bila kuificha, ili wengine wajue bei iliyolipwa. Uhai ni zawadi ya Mungu, wala si haki yetu kuutupa. Lakini hatukuamriwa kuurefusha kwa kila namna na kwa kila gharama. Anayekataa tiba iliyo wazi, yenye tumaini kubwa, kwa sababu ya minong'ono ya majirani, anaidharau zawadi. Anayekataa mateso makubwa kwa ajili ya faida ndogo, akajiweka mikononi mwa Bwana, haidharau. Hao wawili wamesema neno moja, "Sitaki," nao hawafanani hata kidogo.

Yule tuliyemsahau

Usiku ule tulibishana hata saa sita. Ndipo mke wa mwalimu, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Na yeye je? Kuna aliyemwuliza?" Ndugu zangu, niliona aibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwambia ugonjwa wake ni nini. Tulidhani tunamhurumia.

Asubuhi nilikwenda kwake kabla ya kichwa kuanza kumsumbua, nikamweleza yote. Akanyamaza, kisha akauliza, "Nisipopasuliwa itakuwaje? Nikipasuliwa, nitamfahamu mke wangu? Na nikifa huko, nani atamsomesha mtoto wa mwisho?" Maswali mawili tuliyapeleka kwa daktari, la tatu likawa letu. Daktari alisema kwamba huenda ni uvimbe wa utando, na kwamba tumaini ni kubwa kuliko hatari, lakini hatari ipo. Mwalimu akakubali. Akapakwa mafuta matakatifu, akapokea Ekaristi, akaenda.

Leo mnamwona kanisani. Mkono wa kushoto ni mzito, na jina la mtu humchukua muda kulikumbuka. Lakini upole wake umerudi. Nami namkumbuka pia mama mmoja, miaka michache kabla yake, ambaye uvimbe wake ulikuwa wa ile namna kali na umeenea mbali ndani. Alielezwa kwamba kisu kingemwongezea majuma tu. Akachagua kurudi nyumbani, akafa kati ya watoto wake. Sikumwona kuwa na imani haba kuliko mwalimu. Wote wawili waliambiwa kweli, wakachagua mbele za Mungu.

Kwa hiyo, likitufikia jambo hili, tufanye haya. Tusitafute mchawi. Tumwulize daktari uvimbe ni wa namna gani, kisu kitaleta faida gani, kitaweza kuharibu nini, na tukingoja itakuwaje. Tumwambie mgonjwa kweli, kwa upole, kadiri awezavyo kuipokea, na kauli yake iwe ya kwanza. Tumwombee kabla na baada. Wala tusisahau nauli ya msindikizaji na ada ya mtoto aliyebaki nyumbani. Na mgonjwa akirudi akiwa si yule yule wa zamani, tusimkimbie. Aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hapungukiwi na mfano huo kwa kupungukiwa kipande cha ubongo. Mungu amfahamuye kwa jina hamsahau, hata yeye mwenyewe akisahau.

Bwana Yesu, Tabibu wetu, awape hekima wale washikao kisu, na awape amani wale walalao chini yake. Amina.