Jumba la Horta na wachoraji wa Kongo
Mkazi wa Mbugangari, nchini Rwanda, anayezuru Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji iliyoitawala Rwanda hadi 1962, hana budi kuingia Bozar, jumba la muziki na sanaa lililosanifiwa na Victor Horta, ambalo sehemu yake kubwa ilijengwa chini ya ardhi ili lisizibe mandhari ya mji kutoka ikulu ya mfalme. Humo, mwaka 2016, Sammy Baloji, msanii mzaliwa wa Lubumbashi, na mwanaanthropolojia Bambi Ceuppens walionyesha uchoraji wa mitaani wa Kongo, yaani picha ambazo mafundi waliwauzia majirani wazitundike sebuleni. Na kwa kuwa nyingine zilisimulia ukoloni wa Ubelgiji kwa macho ya waliotawaliwa, hapakuwa na mahali palipozistahili zaidi.