Dawa ya Kichina kwa mja mzito: Dhamini ni nani?

Kwetu sisi walimu wa dini tunaosomesha huku Ng'ambo, suali hili limekuwa la kawaida: je, mwanamke wa Kiislamu mwenye mimba anaruhusiwa kutumia dawa za Kichina? Wanaouliza wengi ni akinamama wa darsa. Mmoja kapewa unga wa kuchemsha ili mimba ishike, mwengine vidonge vya kuzuia kutapika. Wanaowapa ni watu wanaowatakia kheri: mama mkwe, shoga, jirani.

Majibu wanayoyapata mitaani ni mawili. Wapo wanaosema kuwa hiyo ni dawa ya makafiri, tusiiguse. Na wapo wanaosema kuwa hayo ni majani matupu, hayana madhara. Kwa maoni yangu, majibu yote mawili yanalikwepa suali lenyewe.

Tuanze na hawa wa kwanza. Uislamu haukukataa tiba kwa sababu ya kabila au dini ya aliyeigundua. Ibn Sina na matabibu wengine wa Kiislamu waliisoma tiba ya Wagiriki, wakaipima, wakachukua lililo sahihi. Na sisi Wazanzibari tuna hoja gani? Madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Jiangsu wamekuwa wakija kututibu tangu mwaka 1964, Mnazi Mmoja hapa Unguja na Mkoani kule Pemba. Hata neno letu "mdalasini" asili yake ni Kifursi, na maana yake ni mti wa Kichina. Anayeikataa dawa kwa kuwa ni ya Kichina tu, basi na mdalasini autoe katika pilau yake.

Ama hawa wa pili, wanaosema ni majani matupu, Wachina wenyewe hawakubaliani nao. Tabibu wao mkubwa Sun Simiao, aliyeishi karne ya 7, aliyatanguliza maradhi ya wanawake katika kitabu chake, na akaandika namna ya kuilea mimba mwezi baada ya mwezi: chakula, mapumziko na utulivu wa moyo. Tiba hiyo hiyo ina orodha ya vitu anavyokatazwa mja mzito. Miski, hii tunayoijua katika manukato, imo katika vilivyokatazwa. Hata mdalasini ukitumiwa kama dawa, mja mzito anatakiwa ahadhari nao. Sizungumzii kijiti kimoja katika chai, nazungumzia dozi. Wenye tiba yao walielewa kuwa jani lenye nguvu ya kuponya lina nguvu ya kudhuru pia.

Mfano ulio wazi zaidi ni dawa mseto ya malaria, ambayo Zanzibar ilianza kuitumia mwaka 2003. Asili yake ni jani la Kichina. Bibi Tu Youyou aliongozwa na kitabu cha tiba cha zamani cha Kichina hadi akaipata artemisini, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Pamoja na sifa zote hizo, kwa miaka mingi wenye mimba ya miezi mitatu ya mwanzo hawakupewa dawa mseto kama tiba ya kawaida, walipewa kwinini. Ni mwaka 2022 ndipo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipokubali artemeta na lumefantrini itumike katika miezi hiyo, baada ya ushahidi wa usalama wake kukusanywa. Dawa iliyookoa roho za mamilioni ilisubirishwa mlangoni kwa ajili ya mtoto aliye tumboni. Unga uliofungwa kwenye karatasi, usio na jina, unapitaje bila ya kuulizwa?

Wala asidhani mtu kuwa naisifu hospitali na kuiponda miti shamba. Thalidomidi ilitoka kiwandani Ujerumani Magharibi mwaka 1957, wakapewa wajawazito kwa ajili ya kichefuchefu. Ilipoondolewa mwaka 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na viungo vilivyoharibika. Na Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wapatao 100 waliharibika mafigo kwa sababu jani moja la Kichina la kupunguza unene lilichanganywa na jengine lenye jina linalokaribiana nalo. Kidonge kilidhuru, na jani likadhuru. Kosa la msingi lilikuwa ni lile lile, kumpa mtu kitu ambacho hakijachunguzwa sawasawa.

Hapa ndipo sheria yetu inapotufaa. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud tunafundishwa kuwa anayejitia utabibu na hajulikani kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Nia njema haimvui dhamana. Na mtoto aliye tumboni ana haki zake hata kabla hajazaliwa: fungu lake la mirathi huwekwa, na mama yake huruhusiwa kula mchana wa Ramadhani akimkhofia. Mtoto huyo hawezi kusema "sitaki". Basi suali la kuuliza si dawa imetoka wapi, bali dhamini wake ni nani?

Muuzaji asiyeweza kukwambia ndani ya pakti mna nini, wala hakuuliza mimba ina miezi mingapi, huyo si dhamini. Shoga aliyetumia yeye akapona si dhamini. Mume anayemwambia mkewe "kunywa tu" naye ajue kuwa amejitwika mzigo.

Lakini na upande wa pili usemwe. Akinamama wengi huwaficha wauguzi dawa wanazokunywa, kwa sababu wakisema hukaripiwa mbele za watu. Muuguzi anayemkaripia mama leo, kesho hataambiwa kitu, na mimba ikipata shida atatibu gizani. Kumsikiliza mgonjwa ni sehemu ya amana ya kazi yake.

Na halali yenye manufaa ipo. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 unakubali tangawizi, na hata tiba ya sindano ya Kichina, kwa kichefuchefu cha mimba changa, kwa hiari ya mama mwenyewe. Mwongozo huo huo unahimiza vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi kila siku, na mahudhurio manane ya kliniki.

Kwa hiyo, dada yangu, ukipewa dawa, iwe ya Kichina, ya Kizungu au ya bibi yako, ichukue pakti yenyewe uende nayo kliniki pamoja na kadi yako, umuonyeshe mkunga. Ukiona damu, ukiumwa na kichwa kisichopoa au ukivimba uso, usichemshe kitu: nenda hospitali ya wazazi Mwembeladu au Mnazi Mmoja saa hiyo hiyo. Na sisi waume tuwe tayari na nauli, kabla ya kuwa tayari na ushauri.

Wallahu a'lam.