Ukuta kwa Ukuta

Jirani yako wa ploti husikia unavyoishi kabla ya kusikia unachohubiri. Thika na Ruiru zimejaa watu waliotoka pembe zote za Kenya kutafuta kazi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru pekee, na wengi wanaishi ukuta kwa ukuta bila kujuana majina. Anayetaka kupanda kanisa katika mtaa wa Kihunguro, Ruiru, au Makongeni, Thika, asitangulize hema na spika (spika tunazo za kutosha). Ajue kwanza nani hutoka zamu ya usiku, mtoto wa nani anaumwa, nani amefungiwa nyumba kwa sababu ya kodi. Kisha amtangaze Kristo kwa Kiswahili, Mkamba, Mluhya na Mkikuyu wakimsikiliza kwenye benchi moja.