Kesi ya Kiwanjani na Watoto Walioisubiri

Isiolo ni mji wa watu wengi: Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru, Wasamburu. Misikiti na makanisa vimo katika mji mmoja, na watoto wa pande zote hukutana darasani. Shule ya Sekondari ya Kutwa ya St. Paul's Kiwanjani ni ya umma, lakini mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti. Yaliyotokea hapo yanamhusu kila mzazi, mwalimu na mchungaji wa Kenya.

Juni 2014, shule ikiwa katika siku yake ya maombi, naibu gavana wa Kaunti ya Isiolo aliliomba kanisa liwaruhusu wasichana Waislamu kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa lilikataa. Lilisema sare ni moja kwa wote, na kwamba kumruhusu mmoja avae tofauti ni kuwabagua wengine. Mvutano ukaingia shuleni, na kanisa likaenda mahakamani.

Machi 2015 Mahakama Kuu ya Meru ikalipa kanisa ushindi. Mzazi mmoja Mwislamu akakata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu: usawa haumaanishi kuwalazimisha watu wote wafanane, na hijabu ni sehemu ya imani ya wasichana hao. Kanisa nalo likapanda hadi Mahakama ya Juu. Januari 2019 majaji wengi wakaitengua hukumu ya rufani kwa sababu dai la mzazi halikuwasilishwa kwa utaratibu unaotakiwa. Jaji Jackton Ojwang alitofautiana na wenzake. Swali la hijabu lenyewe likabaki bila jibu, na shule ikashauriwa iketi na wazazi na wanafunzi watafute njia.

Hebu tuhesabu. Msichana aliyeingia kidato cha kwanza mwaka 2014 alitarajiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2017. Mahakama ya Juu iliposema neno lake la mwisho, yeye na wenzake walikuwa na zaidi ya mwaka mzima tangu waage masomo. Na neno lenyewe lilikuwa: ketini mzungumze. Kikao hicho kingeweza kufanyika Juni 2014, kwa gharama ya chai na mkate. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ulijengwa kwa miaka ya ujana wa watoto.

Kanisa lilikuwa na hoja. Mfadhili ana haki ya kuombea shule yake na kulea roho za wanafunzi. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inayompa mfadhili kazi hiyo, inamtaka papo hapo ailinde imani ya wasio wa dhehebu lake. Majukumu hayo mawili yameandikwa pamoja, wala moja halifuti jingine.

Na Mkristo asidhani hili ni la Waislamu peke yao. Machi 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi Waadventista, waliolalamika kwamba watoto wao wanalazimishwa kusoma Jumamosi, siku yao ya Sabato. Walikuwa Wakristo, wakiomba kile kile walichoomba wasichana wa Kiwanjani: nafasi ya kumtii Mungu bila kufukuzwa darasani. Anayembania jirani yake leo ataomba nafasi hiyo hiyo kesho, katika shule ambayo mfadhili wake ni wa imani nyingine.

Basi bodi za shule zisingoje barua ya wakili. Muhula unapoanza, waitwe mchungaji, imamu, wazazi na wawakilishi wa wanafunzi. Yajadiliwe mavazi, siku za ibada, na nani asilazimishwe kuhudhuria maombi gani. Makubaliano yaandikwe, na mzazi ayasome kabla hajasajili mtoto. Afisa wa serikali naye alete ombi lake kwanza katika kikao hicho.

Mafundisho ya Kikristo yanaanza na kumpenda jirani. Shule ya kanisa inayomwezesha binti Mwislamu kusoma kwa amani inayafundisha mafundisho hayo kila siku, hata kabla mwalimu wa dini hajafungua kitabu.